Hita nzima, maji legevu

Ukisema Mombasa umeweka hita ya maji ya kuoga, watakaokucheka mwanzo ni watu wako mwenyewe. Joto lote hili, maji ya moto ya nini? Anayeuliza hivyo hajaishi na mzee mwenye baridi yabisi wakati wa kipupwe. Kuanzia Juni hadi Agosti, kusi ikishika, alfajiri ya huku ina kibaridi chake, na mamangu magoti humkaza mpaka kuinuka kwenye rakaa ni shughuli. Kwetu maji ya moto ni dawa. Tulipokuwa Majengo tukiyachemsha kwa sufuria na kuyabeba kwa ndoo hadi bafuni, roho juu, maana ndani mna mtoto asiyetulia.

Kwa hiyo tulipokuja kutazama nyumba Kiembeni, orofa ya juu kabisa, nikaona hita ya gesi ukutani, niliifurahia kuliko sebule. Ni zile ndogo za lita sita kwa dakika, zisizo na tangi lake: maji yanapita, moto unawaka, yanatoka ya moto papo hapo. Mpangaji aliyetangulia ndiye aliyeiacha. Mwenye nyumba naye akaitia kwenye hesabu ya kodi.

Jambo la kwanza nililofanya halikuhusu ubovu. Hita ilikuwa imepachikwa ndani ya bafu, juu ya mlango, bila bomba la kutolea moshi, na dirisha la pale ni la vioo vya kupishana ambavyo vimeganda kwa rangi, havifunguki. Hapo sikutaka ushauri wa mtu. Gesi ikiungua mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, nayo haina rangi, haina harufu, wala haikohozeshi. Mtu huhisi kichwa kizito, akaona usingizi, akaketi, na mlango ameutia komeo. Ile harufu kali ya gesi tunayoijua hutiwa makusudi ili mtungi ukivuja tujue. Huu moshi wa sumu hauna harufu hiyo. Fundi mmoja aliniambia, "Dada, watu wote huweka bafuni." Nilimpa nauli yake akaenda zake.

Tukaihamishia kwenye roshani ya kufulia, ikawekewa bomba la moshi, na mtungi ukakaa hapo hapo nje. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hushuka na kutuama sakafuni, ndiyo maana tulichagua upande wenye matundu ya kupitishia maji chini ya ukuta. Kila kiungo tulikipaka povu la sabuni kwa brashi. Povu lisipovimba mapovu, hapavuji. Mtu asikupimie kwa kiberiti.

Sasa vituko. Alfajiri hita inawaka bila matata, mama anaoga, anatoka anashukuru. Magharibi, mfereji ule ule, mtu yule yule, haiwaki. Kimya kabisa. Na siku nyingine hufanya ubaya zaidi ya huo: inawaka, mama anajipaka sabuni, anafungua maji ya baridi kidogo yapoe, na moto unazimika yeye akiwa na povu usoni. Maneno yanayotoka bafuni wakati huo siwezi kuyaandika hapa.

Fundi wa kwanza alikuwa kijana wa boda boda na mkoba wa spana. Alikuja asubuhi, akafungua kile kisanduku cha chini, akatoa betri mbili kubwa, zile za volti moja na nusu zinazotiwa kwenye tochi na redio za zamani, akatia mpya. Ikawaka. Akalipwa. Jioni ikawa kimya. Nilimpigia, akasema basi betri nilizonunua ni feki.

Mwingine alitoka mjini na sifa zake. Huyu alifungua kifuniko chote, akagusagusa nyaya, akatikisa kichwa kwa huzuni ya daktari na kutamka kwamba solenoidi imekufa. Solenoidi ni ile valvu ya umeme inayoruhusu gesi ipite. Shilingi 4,500 pamoja na kazi, na ilikuwa haina budi iagizwe. Nikamuuliza: kama imekufa, alfajiri hufufuka na nani? Akaniambia vifaa vya umeme vina tabia zake. Nafanya kazi kwenye afisi ya kutoa mizigo bandarini, nimezoea kuambiwa kontena lina tabia zake. Nikamwambia nitamjulisha.

Hata jirani alikuwa na dawa yake. Yeye huchoma mahamri ya kuuza, na jiko lake kubwa lina rejuleta, kile kidhibiti cha nguvu ya gesi kwenye mtungi, ya kufungua na kupunguza kwa mkono. "Tia hii, moto utawaka mpaka uombe msamaha." Nilimshukuru, sikuitia. Kibandiko kilichoko ubavuni mwa hita kimeandikwa 2,800 Pa, yaani gesi ya nguvu ndogo kutoka kwa rejuleta ya kawaida ya nyumbani. Ukiisukumia gesi ya jiko la biashara, moto huwaka kwa kishindo na ndimi kutoka nje ya sanduku. Na kwa kweli gesi yetu haikuwa na neno. Alfajiri moto ulikuwa wa buluu, umetulia, hauna manjano.

Aliyetuondolea dhiki ni mzee mmoja, fundi wa mabomba wa siku nyingi, ambaye nyumba yetu nzima twamwita Ami. Alipofika hakugusa hita. Aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa pale roshanini, akaomba chai, akaniambia nifungue shawa upande wa moto. Nikafungua.

"Umesikia nini?"

"Sijasikia kitu, Ami."

"Basi. Hujasikia tik-tik-tik. Kama haigongi cheche, gesi bado haijaitwa. Sasa wewe wataka kununua mlango wa gesi na hakuna aliyebisha hodi."

Kisha akanieleza, na tangu hapo sijamwona fundi wa hita kwa macho yale yale. Hizi hita ndogo hazijui kama umefungua mfereji mpaka maji yenyewe yaziambie. Ndani, pale maji yanapoingilia, mna utando wa mpira. Maji yakipita kwa nguvu ya kutosha, utando husukumwa, nao husukuma kipini, kipini huachia swichi ndogo. Swichi ndiyo inayoamsha betri. Betri hutoa cheche, valvu ya gesi hufunguka, moto unashika, na kijiti cha chuma kilichosimama juu ya moto hutoa taarifa kwamba kweli umewaka, ili gesi isikatwe. Yote hayo ni kwa muda wa kupepesa jicho, na yote yanasubiri ule utando.

Kwa hiyo unasikiliza. Ukifungua maji na kusikia kimya, tazama maji kwanza, kisha betri. Ukisikia cheche zinagonga na moto hauji, hapo ndipo uende kwa gesi: mtungi umekwisha, koki imefungwa, hewa imejaa kwenye mpira baada ya kubadilisha mtungi. Moto ukiwaka ukafa baada ya sekunde chache, mwangalie yule kijiti, huenda ana masizi au waya wake umelegea. Na ikizimika baada ya kuoga kwa raha zako dakika ishirini kamili, hiyo si ajali. Hita nyingi za namna hii hujizima zenyewe kwa muda huo kwa usalama. Funga maji, fungua tena.

Yetu ilikuwa kimya. Ami akaniambia niende jikoni nifungue mfereji wa moto wa sinki. Tik-tik-tik, ikawaka. Saa ile ile ambayo shawani imegoma! Nikamwangalia, akawa anapuliza chai yake.

Jawabu lilikuwa juu ya vichwa vyetu. Tangi la upande wetu ni la lita 2,000, tunalishiriki nyumba nne, nalo limekaa juu ya dari yetu kwenye matofali mawili matatu. Sisi tulio juu tuna upepo na mandhari, lakini hatuna nguvu ya maji. Kila mita moja ambayo maji yamesimama juu ya mfereji hutoa sehemu ya kumi ya bar, kipimo cha nguvu ya msukumo, basi. Kibandiko cha hita kinataka kwa uchache 0.025 MPa, yaani robo ya bar, ambayo ni maji yaliyosimama mita mbili na nusu juu yake. Ami alipanda kwa ngazi na futi kamba. Kutoka tundu la shawa hadi kitako cha tangi ni kama mita moja na robo. Tangi likijaa, maji ndani yake yana kimo cha mita moja na nusu hivi. Jumla mita mbili na robo tatu: inawaka, kwa kujikaza. Likibaki robo, imekwisha. Na sinki la jikoni liko chini ya shawa kwa karibu mita nzima, ndiyo sababu linabahatika.

Ndipo na saa zikaeleweka. Pampu ya jengo hupandisha maji usiku. Alfajiri tangi limefurika. Mchana watu wanafua, wanapika, wanaosha watoto, na ikifika Magharibi limebaki nusu au chini yake. Solenoidi yangu iliyokufa ilikuwa ikifuata saa za kufua za majirani. Mama wa orofa ya chini ana hita ya aina hiyo hiyo na hajawahi kulalamika. Yeye tangi liko juu yake mita kumi hivi.

Hata hivyo kimo peke yake hakikuwa kisa chote. Ami aliniambia nikinge maji ya moto ya shawa kwenye ndoo ya lita kumi na nitazame simu. Dakika nne na zaidi ndipo ilipojaa. Hiyo ni chini ya lita mbili na nusu kwa dakika, na hapo utando hausukumiki. Akafunga koki, akafungua nati ya paipu inayoingiza maji kwenye hita, na kwa ncha ya bisibisi akachokoa kichujio cha waya, ukubwa wa kizibo cha soda. Kilikuwa kimezibwa na mchanga mwembamba, vipande vya kutu na nyuzi za ile tepu nyeupe ya kufungia viungo, nyuzi ambazo sina shaka ziliingia siku ilipohamishwa. Akakisugua kwa mswaki wa zamani. Kisha akafungua uso wa shawa. Nusu ya vitundu ilikuwa imefungwa na ukoko mweupe.

Ukoko huo ni wa kwetu. Mji wetu umekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na maji ya visima vya huku yana chokaa na chumvi. Jengo letu, kama majengo mengi ya Kisauni, lina maji mawili: ya kaunti, yanayotoka Baricho kule Mto Sabaki, ambayo huja kwa zamu, na ya kisima, ambayo ni ya choo na kuosha sakafu. Yakikatika ya kaunti, msimamizi wa ploti hugeuza valvu na kisima kinatujia kwenye mifereji yote. Mwenye kununua shawa ya stima hapa mjini lazima aulizwe na mwenye duka kama maji yake ni ya tamu au ya chumvi, maana zinauzwa tofauti. Kwa hita ya gesi hakuna anayeuliza, ilhali ndani mna koili, bomba la shaba maji yanamopashwa moto, ambayo chumvi huila na chokaa huiziba polepole. Uso wa shawa tuliulaza usiku kucha ndani ya bakuli la siki nyeupe, asubuhi ukoko ukatoka kwa kidole. Koili tuliipitishia siki kwa bomba la mpira, hita imezimwa gesi, kisha tukaisuuza mpaka harufu ya achari ikaisha.

Ndoo ikapimwa tena jioni: dakika tatu na ushee. Sasa cheche zilikuwa zinagonga, ila tangi likishuka sana moto ulikuwa bado unasitasita. Nikaenda kwa mwenye nyumba kumwomba tangi liinuliwe kwa stendi ya chuma ya mita mbili. Alikataa, na kwa hili simlaumu. Lita 2,000 za maji ni tani mbili, juu ya miguu ya chuma, juu ya dari ya jengo ambalo hakulijenga kwa hesabu hiyo, na upepo wa kusi unaujua mwenyewe.

Ikabaki pampu ndogo ya kuongeza nguvu, ile inayojiwasha yenyewe maji yakianza kutembea na kujizima yakisimama. Nilinunua Kongowea kwa elfu saba na kitu. Mwenye duka alitaka kunifungia kwenye paipu ya maji ya moto pekee, mbele ya hita. Ami alikataa katakata: ukiupa nguvu upande wa moto ukauacha wa baridi vile vile, ukichanganya maji shawani, wa moto utamsukuma wa baridi arudi alikotoka. Tukaiweka kwenye paipu kuu inayoshuka kutoka tangini kuingia nyumbani, kabla haijagawanyika. Na isifungwe kamwe kwenye laini ya kaunti moja kwa moja. Hiyo ni kunyonya maji ya majirani, na inavuta uchafu wa njiani pia. Ndoo ya lita kumi sasa hujaa chini ya dakika mbili, tangi liwe limejaa au limebaki kidogo. Stima ikipotea tunarudi kwenye hali ya zamani, asubuhi ndiyo, jioni labda.

Lile la moto kuzimika mama akiwa na sabuni lilikuwa na namna yake, na pampu haikuliondoa lote. Maji yakipita kidogo kwenye hita hutoka ya kuunguza. Mtu akiona yanaunguza hufungua ya baridi. Akifungua ya baridi, yanayopita kwenye hita hupungua tena, utando unalegea, moto unakufa, na sasa anaogeshwa baridi tupu. Dawa yake ni kupunguza gesi, si kuongeza maji ya baridi. Hita ina kitasa cha gesi na kingine chenye picha ya jua upande mmoja na theluji upande wa pili. Mamangu aliuliza ile nyota ya nini. Nikamwambia ni theluji, ya nchi za baridi. Akasema basi aliyeitengeneza hakutufikiria sisi. Kwenye jua huwaka sehemu tu ya vichomeo, nasi tumekiacha hapo moja kwa moja, kwa sababu maji yanayotoka kwenye tangi jeusi lililopigwa na jua kutwa yako vuguvugu tangu mwanzo. Unachohitaji ni kuyasogeza kidogo. Gesi nayo inapungua: hita ya lita sita ikiwaka kwa nguvu zake zote hula karibu kilo moja kwa saa, kwa hiyo kuoga dakika kumi ni gramu mia na hamsini hivi, na mtungi wa kilo 13 ungetosha mara themanini na zaidi. Kwenye picha ya jua unatufikisha mbali kuliko hapo.

Yule wa solenoidi alinipigia kuuliza kama aagize kifaa. Nilimwambia kimepona. Akasema, "Si nilikwambia vina tabia zake?"

Kilichobaki ni yale maji ya kisima. Tumeongeza koki kabla ya hita ili niweze kuitenga, na nimeelewana na msimamizi wa ploti kwamba kabla hajageuza valvu ananipigia simu, hata kama ni usiku. Akipiga, nafunga koki, nafunga gesi, na sufuria ya Majengo inarudi jikoni mpaka zamu ya kaunti ifike. Wiki jana alisahau. Nimemnunulia kadi ya kubandika pale kwenye valvu, ina namba yangu kwa herufi kubwa, na chini yake mama ameandikisha la kwake: "Kuna mzee anaoga."